Ofisi Isiyotoa Siri ya Mtu

Thika,
4 Machi 1957

Baba mpendwa,

Nimepata kazi! Nimeiweka habari hii juu kabisa kwa sababu nakujua, huwa unaanza barua kwa mstari wa mwisho.

Ni pale kwa mawakili Menezes na Vaghela. Kupiga chapa kwangu kulimpendeza Mzee Menezes, lakini nadhani si chapa iliyonipatia kazi. Aliniweka kitini, akaniangalia juu ya miwani, akauliza, "Binti, unaweza kunyamaza?" Nikafikiri nikijibu nitakuwa nimeshindwa mtihani. Basi nikanyamaza. Akangoja. Nikazidi kunyamaza. Akacheka mpaka miwani ikaangukia kwenye chai. Nilianza siku ya pili yake.

Ofisi hii ni kongwe kuliko barabara iliyo mbele yake. Mzee Menezes na marehemu Bwana Vaghela waliianza wakiwa vijana, nyuma ya duka la vitambaa, na walikuwa na koti moja tu jeusi la kwenda nalo mahakamani. Mmoja akitoka kutetea, mwenzake anangojea mlangoni alivae yeye. Bwana Vaghela alikuwa mwembamba na Mzee Menezes ni mnene kama pipa, kwa hiyo hakimu alijua kesi ni ya nani kwa kutazama vifungo.

Lakini sifa ya ofisi si koti. Watu hapa mjini wanaiita "kwa Kaburi." Neno likiingia limezikwa. Shangazi Syokau ananiambia kwamba zamani bwana mmoja wa shamba la katani aliwapelekea bata mzinga wa Krismasi ili aambiwe mkewe alikuja kutaka nini. Bata mzinga alirudishwa akiwa hai, na utepe shingoni, pamoja na salamu za sikukuu. Mara nyingine hakimu alimtia Mzee Menezes ndani kutwa nzima kwa kukataa kusema mteja wake alimwambia nini. Na juzijuzi hapa, mambo ya Hali ya Hatari yalipochacha, maofisa wa serikali walikuja kutaka mafaili ya watu fulani. Mzee alikalia kabati la mafaili, akafungua chakula chake cha mchana, akala polepole, akawaambia amri ya mahakama ikifika atasimama. Haikufika. Watu waliokuwa wakitafutwa walilala makwao.

Sasa na mimi ni mtu wa ofisi hiyo. Mwambie Mama asinunue kitambaa cha sare, hatuvai sare.

Mtoto wako,
Kamene

*

Ruiru Stesheni,
15 Machi 1957

Kamene mwanangu,

Barua yako nimeisoma kuanzia juu, na kila mtu hapa stesheni ameisikia. Hata dereva wa treni ya mizigo nilimshikia bendera nyekundu kidogo ili amalizie kusikia ile ya bata mzinga. Babu yako hakujua kusoma jina lake mwenyewe, na leo mjukuu wake anachapa maneno ya sheria. Nimefurahi mpaka nimemsalimu karani wa tiketi, ambaye hatusalimiani.

Huku tuna matata. Mizinga yangu ya nyuki niliyoweka nyuma ya nyumba ilifurika. Kundi zima likahama, na badala ya kutafuta mti kama nyuki wenye adabu, likaingia kwa jirani yetu Kang'ethe fundi seremala, ndani ya kabati la nguo alilokuwa amemtengenezea bibi wa shamba la kahawa. Kabati la mvule, mwanangu, lenye kioo! Kang'ethe akatoka mbio. Mimi nikaingia na moshi kuwatoa, kwa sababu nyuki wananijua. Nyuki walitoka. Lakini kijinga cha moto nilichoshika kiliunguza mlango wa kabati, na ule mng'aro wote wa rangi ukawa mweusi kama sufuria.

Nilitaka kumwomba radhi, Mungu ni shahidi. Lakini alikuwa na uvimbe kwenye jicho na mwingine mdomoni, nami nikaanza kucheka kabla sijafungua kinywa. Akanionyesha kidole mbele ya watu: "Wewe Wambua! Tutaonana mbele ya sheria!"

Miaka tisa tumekaa ukuta kwa ukuta. Nimemwambia Mama yako ni maneno ya uvimbe tu, yatashuka pamoja nao.

Baba yako,
Wambua

*

Ruiru Stesheni,
11 Aprili 1957

Kamene,

Uvimbe umeshuka, maneno hayakushuka. Njambi anayeuza nyanya alikuwa Thika Jumanne. Anasema amemwona Kang'ethe, amevaa suti yake ya kanisani, kibali cha kusafiri mkononi, akiingia mlango wa ofisi yenu. Alikaa humo mpaka Njambi akauza debe zima.

Mwanangu, mtu haombi kibali cha kusafiri na kuvaa suti siku ya kazi kwa jambo dogo. Amekuja kunishtaki. Na katika mawakili wote akachagua hao wenu wasioshindwa!

Wewe upo hapo ndani. Labda ni wewe uliyechapa. Nataka neno moja tu: je, amenishtaki au hakunishtaki? Huna haja ya kueleza. Andika "ndiyo" au "hapana" nijipange. Reli haitaki mtu mwenye kesi.

Baba

*

Thika,
16 Aprili 1957

Baba mpendwa,

Nimepokea barua yako. Sote hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, na mto umejaa mpaka maporomoko yanasikika sokoni. Shangazi ameotesha sukumawiki.

Kuhusu hilo uliloniuliza, siwezi kukujibu. Siwezi kusema kama mtu fulani alikuja au hakuja. Hata kama ungeniuliza kuhusu mtu nisiyemjua, ningekujibu hivi hivi. Usisome chochote katika maneno haya, Baba, kwa maana hayana kitu ndani.

Nakuomba usikasirike.

Kamene

*

Ruiru Stesheni,
20 Aprili 1957

Kamene,

Nilikuuliza kama baba, ukanijibu kama ukuta.

Nani alikupeleka misheni ukajifunze chapa? Ni Menezes? Ni yeye aliyekubeba mgongoni ulipougua surua, kutoka Kalimoni mpaka kwa daktari? Nimekuomba neno moja, wewe unaniambia habari za sukumawiki.

Nimefikiri sana. Mtoto wangu hawezi kukaa meza moja na karatasi za kunifunga. Mwisho wa mwezi uage, urudi nyumbani. Ukibaki huko, basi nitajua umechagua, wala usinitafutie barua.

Wambua

*

Thika,
28 Aprili 1957

Baba,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara machozi yameharibu wino, kwa hiyo nitaandika kifupi.

Siondoki. Naogopa sana kuandika neno hilo, lakini ni hilo.

Wanaokuja hapa ni watu walioogopa kuliko wewe na mimi. Wanavua kofia, wanakaa ukingoni mwa kiti, wananitazama mimi kwanza kabla ya kumtazama wakili, wakijiuliza, "Huyu msichana ni wa nani? Atasema kwa nani?" Kisha wanasema mambo ambayo hawajawahi kuwaambia wake zao. Wanasema kwa sababu tangu zamani hakuna neno lililotoka hapa. Mimi nikitoa moja tu, hata kwa baba yangu mzazi, hata dogo, ofisi hii itakuwa imekwisha, na hao watu hawatakuwa na pa kwenda.

Ungekuwa wewe uliyekaa kwenye kile kiti, Baba, ungetaka mtoto wa nani awe kwenye mashine ya chapa?

Nakupenda. Nitaendelea kuandika hata usipojibu.

Kamene

*

Ruiru,
26 Mei 1957

Mwanangu Kamene,

Ni mimi mama yako Nduku. Mwandiko wangu unaujua, unatembea kama kuku, vumilia.

Baba yako hajambo mwilini. Barua zako zote nne za mwezi huu zimefika, zote amezisoma, zote ziko ndani ya kofia yake ya kazi. Akiulizwa anasema hajapata barua. Mizinga ameihamishia kwa binamu yake Muasya kule Ngoliba, akisema nyuki wakishitakiwa washitakiwe huko huko. Akimwona Kang'ethe anapita njia nyingine, na njia yenyewe ni moja, kwa hiyo hupita ndani ya mahindi ya watu.

Sasa nakuonya. Ameomba ruhusa kazini kesho. Amepiga pasi suruali mwenyewe, nami sijawahi kuona hivyo tangu harusi yetu. Anakuja Thika kuonana na huyo Menezes uso kwa uso. Nimemsihi, ni kama kulisihi gari moshi.

Nimempa Njambi barua hii akuletee alfajiri. Mpe chai akifika. Mimi nakuunga mkono, lakini usimwambie.

Mama yako

*

Thika,
28 Mei 1957

Mama mpendwa,

Alikuja! Nakuandikia yote, wala hii si siri ya ofisi, maana alipaza sauti mpaka wauza ndizi walikuja dirishani na yeye mwenyewe akawaambia wakae wasikie.

Aliingia bila kunitazama. Akasimama mbele ya Mzee Menezes, kofia kifuani.

"Mimi ni Wambua wa Ruiru, baba ya huyu. Nataka kujua kama jirani yangu Kang'ethe amenishtaki."

Mzee akasema, "Karibu, Mzee Wambua. Kaa. Ni Kang'ethe gani?"

"Fundi seremala!"

"Inawezekana namjua, inawezekana simjui."

"Alionekana akiingia hapa!"

"Mlango uko barabarani. Wengi huingia kujikinga mvua."

"Hakukuwa na mvua siku hiyo!"

"Basi labda jua," Mzee akasema, akamimina chai.

Baba akageuka kwangu. Mama, ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia tangu aingie. "Na wewe hukuniambia kitu," akasema. Nilifikiri ni swali la kunigombeza, nikatikisa kichwa. Hapo Mzee Menezes akaweka kikombe chini, akawa si mcheshi tena.

"Mzee Wambua," akasema, "mimi nimeajiri watu wengi tangu nianze kazi hii. Wengine walitoa siri kwa ajili ya rafiki, wengine kwa ajili ya pombe. Huyu amewekewa baba yake kwenye mizani, na hata mimi sikujua mpaka umeingia leo. Ukitaka kumchukua, mchukue, ni mwanao. Lakini nitakuambia kweli, nikifa napenda mlango huu ubaki mikononi mwa mtu kama yeye."

Baba aliketi. Alikunywa chai yote, akainywa kwa kelele kama unavyojua. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mtu akiogopa kushtakiwa afanye nini?"

"Hilo naweza kujibu, kwa kuwa ni lako mwenyewe," Mzee akasema. "Umemkosea jirani?"

"Nilimchomea kabati. Halafu nikacheka."

"Umemwomba radhi?"

"Alikuwa na uvimbe."

"Umeshuka?"

"Tangu Machi."

"Basi nenda. Jambo hilo halihitaji wakili, na mimi sitakudai chochote kwa kukuambia."

Alipotoka alisimama mezani kwangu. Akanyoosha shingo, akatazama ile karatasi iliyokuwa kwenye mashine yangu. Nikaweka mkono juu yake. Lakini akauangalia ule mkono, akaguna, akavaa kofia akaenda zake.

Sijui maana ya kule kuguna. Ukijua niambie.

Kamene wako

*

Ruiru Stesheni,
14 Julai 1957

Kamene mwanangu,

Mama yako anasema unataka kujua maana ya kuguna kwangu. Kuguna ni kuguna. Lakini nina habari, kaa chini.

Nilikwenda kwa Kang'ethe. Nilibeba chupa mbili za asali ya Ngoliba na karatasi ya msasa. Alikuwa anarandia mbao, akaniona, akainua randa kana kwamba nakuja kupigana. Nikamwambia, "Kang'ethe, nilikuchomea kabati, nikakucheka. Nipe mlango ule, niusugue mpaka weusi utoke, hata kama nitazeeka hapa." Akasema, "Utauharibu." Nikasema, "Umeshaharibika." Akacheka, mwanangu! Akacheka mpaka akaketi.

Basi tangu siku hiyo nikitoka zamu napita kwake. Kusugua mvule si mchezo, nilidhani fundi anajipiga tu kifua. Wiki ya tatu weusi ulikuwa umekwisha, na mimi nikaendelea kwenda tu, nashika mbao yeye anakata. Sikumuuliza habari za sheria. Nilijisemea, akinishtaki anishtaki, nitakwenda mahakamani pamoja naye kwa basi moja.

Jana tukiwa tunapaka rangi akaweka brashi chini. Akasema, "Wambua, mwanangu Wainaina hayuko Dar es Salaam."

Unakumbuka kijana wao aliyesemekana amepata kazi bandarini? Nikamtazama. Akasema, "Yuko kizuizini, kambini. Mwaka wa nne huu. Walimkamata sokoni pamoja na kundi la watu, jina lake likafanana na la mwingine. Nilimwambia kila mtu yuko Dar, kwa sababu fundi ambaye mwanawe yuko kambini hapati kazi, wala leseni."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi, jirani yake. Akajibu, "Wewe ni mtu wa reli. Reli ni ya serikali. Nilikuogopa." Kamene, neno hilo lilinichoma kuliko nyuki wote. Miaka yote hiyo mtu ameniogopa kupitia ukuta, na mimi nikidhani mimi ndiye ninayemwogopa.

Kisha akasema kwamba siku ile ya suti alikwenda kwa Menezes aandikiwe ombi kwa kamati inayosikiliza habari za waliofungwa. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Nilipofungua mlango nikamwona binti yako kwenye mashine, nilitaka kurudi. Nikasema, basi, nimekwisha, Ruiru nzima itajua kabla ya jua kutua. Lakini nilikuwa nimechoka kuficha, nikaketi. Nilisema yote, akayachapa yote. Nikarudi nyumbani nikangoja. Jumapili ikapita, mwezi ukapita. Wewe ukawa bado unanikwepa ndani ya mahindi kwa hasira ile ile ya nyuki. Nikajua hukuambiwa kitu. Wambua, tangu mwanangu akamatwe, hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyolala usingizi."

Nilirudi kupaka rangi kwa sababu macho yangu yalikuwa hayafai kutazamwa.

Nilikuandikia urudi nyumbani. Neno hilo nalifuta. Kaa hapo hapo. Kaa mpaka wakutengenezee kiti chako, na kama hawajui fundi, ninaye.

Baba yako,
Wambua

*

Thika,
18 Julai 1957

Baba mpendwa,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama posta, watu wakinipita. Sikuweza kungoja nifike nyumbani.

Nilikuwa na hamu nawe sana. Kila nilipochapa neno "baba" kwenye karatasi za mtu mwingine vidole vyangu vilikuwa vinakosea herufi.

Kuhusu hayo mengine uliyoyasikia kwa Mzee Kang'ethe, ni yake, na amekuambia yeye, nimefurahi. Mimi bado sina la kusema. Ila naomba umwombee. Wewe na Mama ombeni sana mwezi huu na ujao.

Mtoto wako,
Kamene

*

Ruiru Stesheni,
22 Septemba 1957

Kamene,

Kaa chini tena, nina habari.

Kang'ethe alipata habari Alhamisi, akaja kupiga mlango wetu na karatasi, hawezi kusema, ananionyesha tu. Wainaina ameachiliwa! Atafika Jumamosi kwa treni ya asubuhi kutoka Thika. Nilikuwa zamu. Nikamwambia Kang'ethe asimame pale ambapo behewa la daraja la tatu husimama, na mkewe asimame kando yake. Mama yako alikuja na kanga mpya. Njambi alikuja na nyanya zake, akasahau kuziuza.

Treni ikaingia. Wakashuka wanawake wenye matunda, akashuka mwalimu, akashuka mtu na kuku. Kang'ethe ananitazama, mimi natazama milango. Hakuna tena. Nikaona uso wake unaanza kusawijika.

Ndipo, mlango wa mwisho kabisa, akashuka kijana mrefu, mwembamba, nywele zimenyolewa, kifurushi kidogo kama mkate. Akasimama tu. Hakuja mbele. Nilivyoona mimi, alikuwa haamini kwamba anaruhusiwa kutembea. Kang'ethe naye amesimama pale pale. Wanatazamana, baba na mtoto, jukwaa zima katikati yao, na hakuna anayeanza.

Basi nikakimbia mimi. Nikamshika yule kijana mkono, nikamwambia, "Mimi ni Wambua, jirani yenu. Njoo, baba yako ni yule." Nikamleta kama mtu anavyoleta mtoto siku ya kwanza ya shule. Alipofika karibu Kang'ethe akasema, "Hĩ! Umekuwa mrefu kuliko mimi," akamshika shingo, na mkewe akawashika wote wawili, na mimi, sijui niliingiaje, nikajikuta nami nimo ndani ya lile fungu, bendera ya kijani ikiwa imebanwa kwapani.

Mwishowe nikasikia filimbi ya dereva, ndefu, ya hasira. Bwana stesheni akatoka akinipigia kelele. Treni yote ilikuwa inaningoja mimi niipungie bendera, Kamene, abiria wamejaa madirishani, wengine wanacheka, wengine wanafuta macho bila kujua wanalilia nini.

Leo nimeitwa ofisini. Bwana stesheni akafungua kitabu cha treni, akaniambia nieleze kwa nini treni ya asubuhi ilichelewa Ruiru. Tangu niajiriwe sijawahi kuchelewesha treni. Nikamwambia aandike hivi: mtu mmoja alikuwa anashuka.

Baba yako,
Wambua